Shajara ya Mradi: Mwongozo wa Sheria za Biashara na Hakimiliki kwa Wafanyabiashara Wadogo wa Mombasa

Februari 2024

Kazi tuliyojipa mwaka huu ni kutunga mwongozo mmoja wa Kiswahili utakaomweleza mfanyabiashara mdogo wa Mombasa sheria zinazomgusa kila siku: ya mikataba, ya majina ya biashara, ya alama, ya picha za watu, ya kodi, na zaidi ya zote sheria ya hakimiliki, ambayo wengi wanaidhania kuwa ya wanamuziki na waandishi wa vitabu pekee. Kikosi ni kidogo. Tuko mawakili wawili, msaidizi wa kisheria, mwalimu wa Kiswahili wa shule ya upili aliyekubali kuhariri, na mchoraji tunayetarajia kumwagiza michoro. Katiba ya 2010, katika ibara ya 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, lakini mwenye kibanda akitaka kusoma Sheria ya Hakimiliki ya 2001 au Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, atakutana nayo kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza cha mawakili. Pengo hilo ndilo tunalotaka kuliziba, angalau kwa upande wa biashara ndogo.

Kabla ya kuandika sura yoyote tulizunguka kusikiliza. Tulikwenda Mtaa wa Biashara kwa wauza kanga, Mwembe Tayari kwa wapiga chapa na wachoraji wa mabango, Kongowea kwa wauza nafaka na viungo, na Majengo kwa mafundi cherehani. Muuza viungo mmoja alikuwa na lebo nzuri iliyochorwa na kijana ambaye sasa anakataa kumpa faili, akidai nyongeza ya pesa kila lebo inapohitaji kubadilishwa uzito au tarehe. Mpiga chapa aliuliza kama ana kosa akichapa nembo ya klabu ya mpira ya Ulaya juu ya fulana, ikiwa mteja ndiye aliyeileta nembo hiyo. Mama mmoja anayeoka keki za harusi alizikuta picha za keki zake kwenye ukurasa wa mwokaji mwingine. Fundi wa Majengo alishona gauni kwa mshono aliouvumbua mwenyewe, na baada ya Idi akaliona likishonwa mtaa mzima.

Tuliyaandika maswali yote kama yalivyosemwa. Nimependekeza, na wenzangu wameafiki, kwamba sura isiyojibu angalau swali moja kati ya hayo isiingie kitabuni, hata kama ina sheria ya kupendeza.

Machi 2024

Mwezi wote umekwenda kwa sura ya hakimiliki, na naona ilistahili.

Msingi wake hauna ugumu. Sheria ya Kenya inalinda kazi za fasihi, za muziki, za sanaa, za tamthilia, za sauti na picha, rekodi za sauti na matangazo ya redio na televisheni. Kifungu cha 22 kinataka mambo mawili: kwamba mtunzi ametumia juhudi ya kutosha kuipa kazi upekee wake, na kwamba kazi hiyo imeandikwa, imerekodiwa au imewekwa katika umbo linaloshikika. Yakitimia hayo mawili, hakimiliki ipo pale pale, bila fomu wala ada. Kuandikisha kazi kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, yaani KECOBO, ni hiari. Faida yake ni kuwa na ushahidi wenye tarehe siku ya mgogoro. Ulinzi unadumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na kwa picha za kamera ni miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ambao picha ilipigwa, ilitolewa kwa umma au ilichapishwa, ukihesabu ule wa mwisho. Wazo lenyewe halilindwi. Maelezo ya kupika biriani yaliyoandikwa kwa ufasaha yanalindwa kama maandishi, lakini yeyote anaweza kuipika biriani hiyo na kuiuza.

Ugumu unaanzia kwenye kifungu cha 31. Kifungu hiki kinasema kwanza kwamba hakimiliki ni ya mtunzi, jambo ambalo kila mtu analitarajia, kisha kinaongeza kwamba kazi ikiwa imeagizwa na mtu asiye mwajiri wa mtunzi, au ikiwa imetungwa na mwajiriwa ndani ya kazi aliyoajiriwa kuifanya, hakimiliki itahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza au kwa mwajiri, isipokuwa pande mbili zikubaliane vingine. Kwa hiyo yule muuza viungo wa Kongowea, ambaye hakuandikiana chochote na kijana wake, ndiye mwenye hakimiliki ya lebo. Alifurahi tulipomwambia. Furaha ilipungua tulipoendelea kumweleza kwamba hakimiliki ni jambo moja na faili la kazi ni jambo jingine, kwa kuwa sheria inahamisha haki ya kunakili na kutumia, wala haisemi kwamba mchoraji lazima akabidhi faili aliyofanyia kazi ndani ya kompyuta yake. Hilo ni suala la makubaliano, na makubaliano hayakuwapo.

Wapiga picha walilipokea vibaya zaidi. Wengi wao wanaamini kwamba kila picha iliyotoka kwenye kamera yao ni mali yao, na wanazitundika picha za maharusi mbele ya studio na kuzipandisha kwenye kurasa zao bila kumuuliza mtu. Chini ya kifungu cha 31, bwana na bibi harusi walioagiza kazi na kuilipia ndio wenye hakimiliki, mpaka mpiga picha aonyeshe kwamba walikubaliana vingine. Kinachobaki kwake bila kuandikwa popote ni haki za kimaadili za kifungu cha 32: haki ya kutajwa kuwa ndiye mtunzi, na haki ya kupinga kazi yake isipotoshwe kwa namna ya kumvunjia heshima. Haki hizo hazihamishiki akiwa hai. Mmoja wao, mzee aliyepiga picha za Mji wa Kale tangu enzi za filamu, alituuliza kwa nini sheria imeegemea upande wa mwenye pesa. Swali lake ni la haki kabisa. Tulimjibu kwamba sheria hiyo hiyo imeacha mlango wazi kwa maneno yake ya mwisho, yaani makubaliano, na kwamba mstari mmoja kwenye stakabadhi yake ungetosha kuigeuza hali yote kwa upande wake.

Jibu hilo ndilo lililobadilisha mpango wa kitabu. Mpaka hapo tulikuwa tumekipanga kufuata sheria, kila sheria na sura yake. Kadiri tulivyoyarudia maswali ya Februari ndivyo ilivyodhihirika kwamba karibu yote yanaamuliwa mahali pamoja, wakati wa kupokea oda. Dakika zile chache ambazo mteja anaeleza anachotaka na fundi anataja bei ndizo zinazoamua hakimiliki itakuwa ya nani, faili litakaa wapi, jina la mtunzi litawekwa au halitawekwa, na mtu atadai vipi asipolipwa. Ikishapita saa hiyo, wakili anabaki kuokota vipande. Kwa hiyo tumeamua kiini cha mwongozo kiwe fomu ya oda, na kila sura ieleze mstari mmoja au miwili ya fomu hiyo.

Nitaongeza hapa jambo ambalo fundi cherehani wa Majengo alilisisitiza. Yeye hakuagizwa, aliubuni mshono wake na kuuweka dukani. Kwa kazi kama hiyo hakimiliki ya mchoro wake inabaki kwake, na mtu akitaka kuinunua, uhamisho haushiki ila uwe kwa maandishi yaliyotiwa saini. Ruhusa ya kawaida ya kutumia, isiyomfungia mwingine nje, inaweza kutolewa kwa mdomo au hata kueleweka kutokana na mwenendo wa watu wawili. Ndiyo sababu tunamshauri asimwambie jirani "chukua tu" ikiwa hamaanishi.

Aprili 2024

Mchoraji wetu amekuja na swali tulilostahili kuulizwa: je, sisi tunamwagiza michoro kwa masharti gani? Ni mwanamke kijana anayeishi kwa kuchora mabango na vibandiko, naye ameisoma rasimu ya sura ya hakimiliki kwa makini kuliko mtu yeyote. Kwa kifungu cha 31, michoro yote tutakayomlipia ingehamia kwetu bila neno la ziada. Yeye anataka hakimiliki ibaki kwake ili aweze kuiuza michoro ile ile kwa njia ya kadi, nasi tupewe ruhusa ya kuitumia ndani ya mwongozo, katika kila toleo na kwa kila lugha, bila kulipa tena.

Tumekubali, tumeandika na kutia saini. Maandishi hayajaza hata ukurasa mmoja: hakimiliki inabaki kwa mchoraji licha ya kwamba kazi imeagizwa, sisi tuna ruhusa ya kudumu ya kuitumia ndani ya mwongozo, yeyote anayenakili mwongozo mzima bila kuuuza ameruhusiwa kunakili na michoro iliyomo, jina la mchoraji litawekwa ukurasa wa ndani na chini ya kila mchoro mkubwa, faili za asili zinabaki kwake, na nakala zilizo tayari kwa uchapaji ni zetu. Tumeomba idhini yake tuyatumie maandishi hayo hayo kuwa mfano katika sura ya tatu, naye ameridhia.

Kuhusu maandishi ya kitabu chenyewe, tumekubaliana kwamba sote tulioandika ni watunzi kwa pamoja, na kwamba ukurasa wa mwanzo utamruhusu mtu yeyote kunakili na kugawa bure, mradi asiuze wala asiyabadilishe maneno ya sheria. Mwalimu wetu alitaka kujua kama ruhusa hiyo inatupokonya hakimiliki. Haitupokonyi. Anayeruhusu bado ni mwenyewe, na ndiyo maana ana uwezo wa kuweka masharti.

Mei 2024

Sura ya majina na alama imekwenda haraka, kwa sababu jambo kuu ni moja na linaelezeka. Mfanyabiashara anayesajili jina la biashara kwa Huduma ya Usajili wa Biashara kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, hupata cheti, na kwa cheti hicho hufungua akaunti na kuomba leseni ya kaunti. Anachodhani amekipata na hajakipata ni umiliki wa jina hilo dhidi ya wengine sokoni. Cheti hicho hakimtengenezei hata nafsi ya kisheria iliyo kando na yeye, maana deni la duka ni deni lake mwenyewe, na nyumba yake inaweza kuguswa. Umiliki wa jina au nembo kama alama ya bidhaa hutolewa na taasisi nyingine, Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya, yaani KIPI, chini ya Sheria ya Alama za Biashara. Ombi linatangazwa kwenye jarida rasmi la taasisi hiyo, watu wanapewa siku 60 za kupinga, na alama ikisajiliwa inadumu miaka 10 inayoweza kuhuishwa kila inapomalizika. Nembo iliyochorwa inaweza kulindwa na hakimiliki pia kama kazi ya sanaa. Jina tupu la neno moja au mawili haliwezi.

Mtaa wa Biashara ulitupa mfano ambao kila msomaji wa Pwani anaujua. Kanga za Kaderdina Hajee Essak, nyumba iliyoanza biashara Mombasa mwaka 1887, zinachapwa maneno "Mali ya Abdulla" pembeni, na wanawake wa Pwani yote hadi Zanzibar huyatafuta maneno hayo kabla ya kuuliza bei. Hivyo ndivyo alama inavyofanya kazi: inamhakikishia mnunuzi nani aliyeitengeneza bidhaa. Tumeeleza vilevile kwamba ulinzi wa alama unakomea kwenye mpaka wa nchi iliyosajili. Miaka ya 2000 kampuni moja ya Uingereza iliomba neno "kikoy" lisajiliwe huko kuwa alama yake, na ilibidi watu wapinge mbele ya ofisi ya Uingereza, wakiwemo shirika la Traidcraft, mpaka ombi likaachwa. Hakuna cheti cha Nairobi ambacho kingeizuia ofisi ile.

Muundo wa kanga au mkoba, yaani jinsi kitu kinavyoonekana, una njia yake ya ubunifu wa kiviwanda chini ya Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001: miaka 5 ya kwanza, inayoweza kuongezwa mara mbili, jumla miaka 15, na sharti muundo uwe mpya. Tunamshauri fundi apeleke ombi kabla ya kuutoa muundo wake dukani.

Na yule mpiga chapa wa Mwembe Tayari amejibiwa hapa. Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya 2008 inataja kutengeneza, kuuza, na hata kuwa na bidhaa ghushi kwa ajili ya biashara. Kwamba mteja ndiye aliyeileta nembo hakumwondoi mpiga chapa kwenye utengenezaji. Anayepatikana na hatia kwa mara ya kwanza anaweza kufungwa hadi miaka 5 au kutozwa faini isiyopungua mara tatu ya bei ya rejareja ya bidhaa zilizokamatwa, na fulana mia za klabu maarufu zinatosha kukifunga kibanda. Mstari wake katika fomu ya oda ni huu: mteja anathibitisha kuwa nembo ni yake au ana ruhusa ya maandishi, na nakala ya ruhusa hiyo inaambatishwa. Bila kiambatisho, oda isipokelewe.

Juni 2024

Sura ya kodi imesimama. Muswada wa Fedha wa 2024 ulikuwa unapendekeza, miongoni mwa mengi, kiwango cha mauzo cha kumlazimu mtu kujisajili kwa kodi ya ongezeko la thamani kipandishwe kutoka shilingi milioni 5 hadi milioni 8, jambo ambalo lingewagusa wasomaji wetu moja kwa moja. Baada ya maandamano ya kuupinga ya tarehe 25, Rais alikataa kuutia saini siku iliyofuata. Rasimu iliyokuwa na viwango vipya tumeiweka kando na kurudia vile vilivyopo. Mji ulikuwa na majonzi, na maduka mengi yalifungwa. Mikutano yetu ya mwezi huu tumeiahirisha kwa heshima ya waliopoteza watu wao.

Julai 2024

Tumeandika sura fupi ambayo naiona ya dharura, ya picha za watu. Hakimiliki ya picha ni ya mpiga picha au ya aliyeagiza. Uso wa mtu aliyemo ndani ya picha ni taarifa binafsi ya mtu huyo, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, katika kifungu cha 37, haimruhusu mfanyabiashara kuitumia kwa kujitangaza bila idhini ya wazi. Mtoto anasemewa na mzazi au mlezi wake.

Saluni, mikahawa, wapambaji wa maharusi na shule za chekechea wanazipandisha picha za wateja kila siku, wakiamini kwamba mtu aliyetabasamu mbele ya kamera ameridhia. Mwezi Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya burudani ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuitumia picha ya mteja mitandaoni bila idhini yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuzichapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Tuliposoma takwimu hizo mbele ya kikundi cha wenye saluni huko Majengo, mmoja alianza kufuta picha kwenye simu yake papo hapo. Tulimwambia hakuna haja ya hofu. Haja ni ya mstari mmoja kwenye kitabu cha wateja: "Naruhusu / siruhusu picha yangu itumike kutangaza kazi hii," pamoja na saini, na uhuru wa mteja kuiondoa ruhusa baadaye. Wapambaji wa maharusi tumewapa maneno ya ziada, kwa kuwa mila zetu za Pwani zina shughuli za wanawake peke yao ambazo picha zake hazistahili kutoka nje kabisa, na mteja asilazimike kulieleza hilo kila mara. Fomu ianze na jibu la kukataa mpaka yeye mwenyewe aseme vingine.

Agosti 2024

Kodi tena. Tarehe 31 Julai Mahakama ya Rufaa iliitangaza Sheria ya Fedha ya 2023 yote kuwa kinyume cha Katiba, na tarehe 20 mwezi huu Mahakama ya Juu ikausimamisha uamuzi huo kwa muda. Sheria hiyo ndiyo iliyoweka kodi ya mauzo ghafi, ambayo wafanyabiashara huiita TOT, kuwa asilimia 3 kwa mwenye mauzo yanayozidi shilingi milioni 1 na yasiyozidi milioni 25 kwa mwaka. Ikiondoka, tunarudi kwenye asilimia 1 kwa mauzo ya hadi milioni 50. Kwa mwenye mauzo ya milioni 2, tofauti hiyo ni shilingi 60,000 au 20,000.

Tumeamua kodi isiwe sura ya kitabu. Itakuwa karatasi moja iliyo huru, yenye tarehe kubwa juu, inayochomekwa ndani ya jalada la nyuma na kubadilishwa kila sheria inapobadilika. Ndani ya kitabu patabaki yale yasiyoyumba: weka kumbukumbu ya kila mauzo, tenganisha pesa ya duka na ya nyumbani, na ujue kwamba kodi hiyo inalipwa kila mwezi kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, kwa mauzo ghafi na si kwa faida.

Septemba 2024

Sura ya kudai haki imekamilika. Naipenda kuliko nyingine zote kwa sababu ndiyo inayompa mtu mdogo nguvu ya kusimama.

Makubaliano ya mdomo yanashika kisheria katika biashara nyingi, na hili tunalisema waziwazi ili asiyeandika asidhani hana haki kabisa. Hata hivyo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, katika kifungu cha 6, inasema kwamba mauzo ya bidhaa za thamani ya shilingi 200 au zaidi hayadaiwi mahakamani ila mnunuzi awe amepokea sehemu ya bidhaa, au ametoa kitu cha kufunga makubaliano, au amelipa sehemu ya bei, au pawe na maandishi yenye saini. Wazee wa Pwani walikuwa na desturi ya arbuni tangu zamani, na hapa sheria inakubaliana nao: pesa kidogo iliyotangulizwa, ikiandikwa kwenye stakabadhi, inayafanya makubaliano yadaike. Ujumbe wa M-Pesa wenye jina la mteja na tarehe ni sehemu ya ushahidi huo, na tumewaeleza wasomaji wasiufute.

Mteja asipolipa, mlango wa karibu ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Inasikiliza madai ya hadi shilingi milioni 1, inatakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60, haifungwi na kanuni kali za ushahidi, na mdai anaweza kujisemea mwenyewe bila wakili. Rufaa yake huenda Mahakama Kuu kwa hoja za kisheria tu. Mchoraji wa mabango anayedai shilingi 18,000 za kazi aliyoikabidhi ana pa kwenda. Tumefafanua kwamba anachokipeleka huko ni deni la huduma. Kesi ya kunakiliwa kazi yake ni nyingine, na kwa hiyo aanze na KECOBO au wakili. Asikae mno: madai ya mkataba yana muda wa miaka 6.

Tuliijaribu fomu ya oda kwa vitendo na wafanyabiashara wa Mwembe Tayari. Iliyorudi imejaa mikwaruzo yenye manufaa. Walitaka iwe ya nakala mbili zenye karatasi ya kaboni katikati, kama kitabu cha stakabadhi wanachokijua. Walitaka sehemu ya hakimiliki iwe na visanduku vya kutia alama, kwa kuwa mteja aliyesimama hana subira ya kusoma aya. Mama wa keki aliomba mstari wa picha za bidhaa, utakaosema kwamba picha alizopiga yeye mwenyewe za keki zake ni zake, na mwingine asizitumie, nasi tumeuongeza. Kwa hali yake sheria iko wazi: hakuna aliyeagiza picha hizo, hivyo hakimiliki ni yake, na tumempa barua ya mfano ya kumtaka yule mwokaji mwingine aziondoe, iliyoandikwa kwa adabu na kutaja kifungu.

Oktoba 2024

Tarehe 29 Mahakama ya Juu iliurejesha uhalali wa Sheria ya Fedha ya 2023. Karatasi ya kodi imeandikwa upya kwa asilimia 3 na kuwekewa tarehe.

Sura iliyobaki ilikuwa ya muziki dukani. Mwenye mkahawa aliyelipia huduma ya muziki kwenye simu yake amelipia kusikiliza yeye. Kuupiga mbele ya wateja ni matumizi ya hadharani, yanayohitaji leseni ya chama cha kukusanya mirabaha, yaani malipo ya wenye kazi za muziki. Kwa kuwa vyama vyenyewe hupewa idhini na KECOBO, na idhini hizo zimekuwa zikibadilika na kugombaniwa, ushauri wetu ni kwamba mwenye duka asimlipe mtu yeyote aliyekuja na kitabu cha stakabadhi kabla ya kuthibitisha kwa KECOBO kwamba chama hicho kina idhini ya mwaka huo. Wanamuziki wa Pwani wanastahili kulipwa, na malipo yasiyopita njia halali hayawafikii.

Novemba 2024

Rasimu ya mwisho iko kwa mpiga chapa. Mwalimu ameupitia mwongozo wote na kufupisha sentensi zangu nyingi, hasa katika sura ya tatu, na kila alipofupisha tulirudi kuhakikisha kwamba maana ya kisheria imebaki. Tumeongeza aya moja kwa wanaouza Tanga, Dar es Salaam na Unguja, kwamba hakimiliki ya Tanzania Bara iko chini ya sheria ya 1999, kwamba Zanzibar ina sheria yake ya 2003 na ofisi yake, na kwamba nchi zetu zimo katika Mkataba wa Berne, ambao Kenya imekuwamo tangu 1993, kwa hiyo kazi ya mtunzi wa Mombasa inatambuliwa huko bila usajili mpya. Habari ya oda, hata hivyo, isichukuliwe kuwa sawa kila mahali. Kifungu chetu cha 31 ni cha Kenya, na anayefanya kazi kwa mteja wa ng'ambo ya mpaka aandike makubaliano yake kamili badala ya kuitegemea sheria imsemee.

Vitabu vya fomu ya oda vitachapwa kwanza, mbele ya mwongozo wenyewe, kwa sababu vinaombwa zaidi. Mafundi samani wa Likoni wametuletea hitaji jipya: wanafanya kazi kubwa kwa mafungu ya malipo, na wanataka fomu inayoonyesha kila fungu linalipia hatua gani, na kitanda kilichokamilika nusu ni mali ya nani mteja akitoweka. Msaidizi wa kisheria anakwenda kukaa nao juma lijalo, na rasimu ya fomu hiyo tumeanza kuiandika.